Dizeli Inapotelea Wapi

Tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza kuushuka mlima Kitonga, pikapu tupu, magunia yamekunjwa na kufungwa kamba nyuma, tunakwenda Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu. Mtoto wa kaka yangu alikuwa kwenye usukani. Akakanyaga klachi, akausukuma mkono wa gia hadi katikati, akaachia. Injini ikatulia. Gari likaanza kukimbia lenyewe.

"Umeweka frii?"

"Shangazi, hapa ndipo tunapobania mafuta. Mteremko wote huu hatulipi kitu."

Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Mbele yetu kulikuwa na lori la tela linashuka kwa gia nzito, na harufu ya breki zilizoungua ilikuwa imeshaingia dirishani kabla hatujalikaribia. Nikamwambia arudishe gia. Akarudisha, kwa adabu zote, lakini uso wake ulisema wazi kwamba nimeamua kumwaga mafuta yangu mwenyewe barabarani.

Jambo hilo lilikaa nami wiki kadhaa.

Si hofu iliyonisumbua. Hofu ya Kitonga kila anayepita njia ile anayo, na hahitaji kuelezwa. Kilichonisumbua ni kwamba yeye alikuwa na hoja ya hesabu, mimi nikamjibu kwa hoja ya uhai. Nilishinda kwa sababu mimi ni shangazi na gari ni langu. Hesabu yake ilibaki palepale, haijaguswa na mtu. Na ikiwa kweli kila safari anaweza kunirudishia lita mbili tatu, basi mimi mwenye kulia kila mwezi kuhusu bei ya dizeli ndiye ninayezikataa.

Gari lenyewe ni Hilux ya dizeli, zile zenye injini ya 2L: silinda nne, cc 2,446, haina tabo, haina kompyuta. Umri wake unamzidi dereva wake.

## Weka ya elfu thelathini

Swali la kwanza lilikuwa rahisi kuuliza. Lita moja inatupeleka kilomita ngapi?

Kijana alisema kumi. Fundi alisema kumi na mbili, "injini ikiwa nzima, mama." Mimi nina daftari lenye kila shilingi iliyoingia na kutoka kwenye biashara hii tangu nilipoianza, na daftari hilo halikuweza kunijibu, kwa sababu lilijaa shilingi na halikuwa na lita hata moja.

Wengi wetu tunanunua mafuta kwa fedha. Unafika kituoni, unashusha kioo, unasema weka ya elfu thelathini. Lita ni habari ya mashine. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ikipanda, elfu thelathini ileile inaingiza mafuta machache zaidi, mshale unaanguka mapema, nawe unarudi nyumbani ukisema gari limeanza kula. Agosti 2022, petroli ya Dar es Salaam ilipopita shilingi 3,400 kwa lita na dizeli ikapita 3,300, na sisi wa mikoani tukilipa zaidi ya hapo kwa sababu ya usafirishaji, nilisikia watu wengi wakisema magari yao yameharibika. Mengine yalikuwa mazima kabisa. Bei ndiyo iliyokuwa imeugua.

Nataka niwe wa haki hapa. Anayeweka ya elfu thelathini hafanyi ujinga. Kujaza tangi zima ni kulaza fedha ndani ya chuma, na kwa mtu wa mtaji mdogo fedha ile ni magunia ambayo angeweza kuyanunua asubuhi hiyohiyo. Anaulinda mtaji wake. Lakini anaulinda huku haoni, na mimi nilikuwa nimechoka kutoona.

Basi tukaanza kujaza. Kituo kilekile, mashine ileile, gari likiwa limesimama mahali palepale, mafuta hadi shingoni. Unaandika kilomita, unakwenda safari yako, unarudi, unajaza tena hadi shingoni, unagawanya. Safari moja haisemi kitu. Upepo wa njiani, foleni ya Kitonga lori likiharibika katikati, mzigo wenyewe, vyote vinayumbisha jibu. Inabidi urudie hadi majibu yaanze kufanana.

Jambo la kwanza tulilogundua halikuhusu injini kabisa. Aliyekuwa na gari hili kabla yangu aliweka matairi makubwa kuliko yale yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini geji ya kilomita haijui hilo, inahesabu mizunguko tu. Tulipolinganisha na simu, na kisha na vibao vya kilomita kando ya barabara kuu, tukaona kwamba geji inatupunja. Sehemu ya ulaji tuliokuwa tunaulalamikia ilikuwa kilomita tulizozitembea bila kuandikiwa.

Baada ya kurekebisha hilo, jibu lilitulia kwenye kilomita nane na kidogo kwa lita, kwenda tupu na kurudi na mzigo. Karibu lita kumi na mbili kwa kila kilomita 100.

Si kumi. Wala si kumi na mbili ya fundi.

## Mlio unapokatika

Kuhusu frii niliuliza watu wengi, na kila mmoja alikuwa na jibu la uhakika. Wenye malori walisema inabana. Dereva mmoja mzee wa basi alisema ni ushetani. Jibu lililonifaa lilitoka kwa fundi pampu mmoja, mtu mkimya, mikono yake haitoki dizeli, ambaye hakunieleza chochote.

"Shuka na gia, mama. Ondoa mguu kwenye mafuta. Zima redio. Sikiliza."

Tukafanya hivyo kwenye mteremko wa kawaida, mbali na Kitonga, njia nyeupe mbele na nyuma. Namba tatu, mguu juu. Injini za dizeli za zamani zina ule mlio wa kugonga, ko-ko-ko-ko, ambao mtu akiwa na gari kwa muda mrefu hausikii tena. Mguu ulipotoka, mlio ule ulikatika. Ukabaki mvumo wa gia tu, na matairi. Tukashuka vile, injini inazunguka, lakini hakuna kinachogonga ndani yake. Kijana akageuka kuniangalia. Karibu na bonde mwendo ulipopungua, akakanyaga klachi, na palepale ko-ko-ko ikarudi.

Mlio ule ni dizeli inapowaka ndani ya silinda. Ukikatika, hakuna dizeli inayoingia.

Ndani ya pampu kuna gavana, kifaa cha chuma na springi kinachopima mzunguko wa injini. Mguu ukiwa juu na injini ikizunguka zaidi ya mwendo wake wa kusimama, gavana hufunga mafuta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, bure. Ukiweka frii unaikata injini kutoka kwenye magurudumu, na hapo inabidi ijiendeshe yenyewe isizimike. Ili isizimike lazima ile. Injini ya ukubwa huu ikiunguruma bila kazi inatumia kama nusu lita kwa saa, pengine zaidi kidogo. Robo saa ya kushuka ni mililita 150 hivi.

Yaani kwenye mteremko mkali, kilichoitwa kubana ndicho kinachokula. Kidogo, lakini kinakula.

Nilifurahi, sitaficha. Kisha nikaanza kujiuliza kwa nini watu wenye akili, wanaoishi barabarani, waamini kinyume chake kwa miaka yote hii.

Sehemu moja ya jibu ni kwamba zamani ilikuwa na ukweli. Pikapu za petroli zenye kabureta, ukishuka na gia mguu ukiwa juu, injini inazunguka kwa kasi na kufyonza mafuta kupitia njia ndogo ya kabureta, isipokuwa zile zilizowekewa swichi ya kuyakata. Kwa gari la namna hiyo, frii ilipunguza kitu. Madereva walijifunza kwa petroli, wakawafundisha matingo wao, matingo wakapanda vyeo wakapewa dizeli, na somo likahamia bila mtu kuliuliza maswali. Na kuna kitu kingine ambacho lazima nikikubali. Kwenye mteremko mwepesi sana, ule ambao gari likiwa na gia linazubaa na kutaka kusimama, frii inalifikisha mbali zaidi kwa mwendo uleule, na hapo dereva anaweza kupata faida ya kweli. Kijana aliniambia hilo kabla sijalisoma popote. Alikuwa sahihi.

Lakini mteremko mwepesi si Kitonga.

## Mafuta ni ya nani

Sehemu ya pili ya jibu ilinichukua muda mrefu zaidi, na inanikera hadi leo.

Kijana huyu alikuwa utingo kwenye malori ya Tunduma kabla hajaja kwangu. Huko kazi inakwenda hivi: dereva anapewa mafuta ya safari, yamehesabiwa ofisini. Yakipungua ni juu yake. Yakibaki, ni yake. Yeyote anayeijua barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, anajua yanakoishia yale yaliyobaki, na madumu yaliyopangwa kando ya njia ameyaona. Kwa dereva ambaye mshahara wake haumfikishi mwisho wa mwezi, kila kilima ni nafasi ya kupata kitu, na anayemfundisha kazi anamfundisha na hilo.

Kwa hiyo tunapomwona dereva amelala frii na tani thelathini nyuma yake, tunasema hana akili. Mimi nilisema hivyo. Lakini amewekewa mpango ambao faida ya hatari inakwenda mfukoni mwake, na hasara ya hatari inamwangukia yeyote aliyekuwa mbele yake kwenye kona. Mwenye lori anajua. Aliyehesabu mafuta ofisini anajua. Wanaendelea kuhesabu hivyohivyo.

Hatari yenyewe ina hesabu, na nilipoifanya nililala vibaya. Pikapu yetu tupu ina uzito wa kama tani moja na nusu. Ikishuka mita 1,000 za kimo, inabidi iondoe nishati ya karibu megajuli 15. Ukiwa na gia, injini inabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Ukiwa frii, karibu yote inakwenda kwenye breki nne, nayo haina umbo lingine isipokuwa joto. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Lakini hunyonya unyevu kadiri miaka inavyokwenda, na yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na mguu wako unafika sakafuni. Magari mangapi ya umri wa hili letu yamewahi kubadilishiwa mafuta ya breki? Ya kwetu yalikuwa meusi kama kahawa. Tuliyabadilisha wiki hiyohiyo.

Na kuhusu madumu: bei yake inavutia, siwezi kusema uongo. Ila dizeli iliyopita mikono ya watu hujui imekutana na nini. EWURA ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwa umezidi, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchanganyiko usiwe na faida. Pampu ya injini kama hii inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, haina oili nyingine. Mafuta ya taa ni membamba, hayalainishi vizuri. Unaokoa shilingi mia kadhaa kwa lita, unaisaga pampu ya mamilioni.

## Vilivyotolewa

Baada ya kulimaliza la frii, nilibaki na swali kubwa zaidi. Kama mafuta hayapotelei kwenye mteremko, yanapotelea wapi?

Fundi wetu wa siku zote alifungua boneti, nikamwomba anionyeshe kila kitu kilichokuwepo gari lilipotoka kiwandani na sasa hakipo.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaanza kuonyesha kwa kidole.

Thamostati haipo. Ile valvu ndogo inayokaa kwenye njia ya maji ya injini, inayofunga maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, kwa kawaida nyuzi 80 na kitu. Kati ya magari ya zamani yanayopita gereji zetu, yasiyo nayo ni mengi mno. Nikamuuliza kwa nini.

"Ile ni ya Ulaya, mama. Kule kuna baridi. Kwetu joto lipo, inaleta kuchemsha."

Tulikuwa Iringa, mwezi wa saba, asubuhi, sote tumevaa makoti.

Lakini sikutaka kumcheka, na nilipomsikiliza zaidi nikaelewa kwamba ana sababu zake. Magari yanafika kwake yakiwa yamejazwa maji ya kisima kwa miaka, rejeta imeziba kwa kutu na chumvi, mwenye gari hana fedha ya rejeta nyingine, na kesho asubuhi ana mzigo. Ukitoa thamostati maji yanapita kwa kasi tangu mwanzo, gari linapata nafuu, mteja anaondoka. Fundi ametatua tatizo la siku hiyo. Tatizo la miaka kumi ijayo hakuna anayemlipa alitatue.

Gharama yake haionekani. Injini inayotembea baridi ina oili nzito, na dizeli inayopulizwa ndani ya chumba baridi haiwaki yote vizuri. Mshale wetu wa joto ulikuwa unalala chini kabisa siku zote, na sisi tukijisifu kwamba gari halichemki.

Klachi ya feni nayo imekufa. Feni ya injini hizi inashikiliwa na kifaa chenye silikoni ndani kinachoilegeza feni injini ikiwa baridi na kuikaza injini ikipata moto. Kilipokufa, fundi mmoja wa zamani alikifunga kwa bolti, kwa hiyo feni inazunguka na injini muda wote, iwe inahitajika au la. Feni ni mlafi wa ajabu: mzunguko ukiwa mara mbili, nguvu inayokula ni mara nane. Ule mvumo kama wa ndege tuliokuwa tunausikia tukikimbia, ambao nilidhani ni sauti ya uzee, ulikuwa dizeli yetu inapuliza hewa.

Kisha chujio la hewa. Lilikuwepo, lakini lilikuwa limepigwapigwa ukutani mara nyingi kiasi kwamba karatasi yake ilishakufa. Hapa nilisoma jambo ambalo sikulitegemea. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya petroli ya kisasa mwaka 2009 na kukuta kwamba chujio chafu halipunguzi kilomita kwa lita, kwa sababu kompyuta inapunguza mafuta kulingana na hewa inayoingia. Gari letu halina wa kupunguza. Pampu inatoa mafuta kwa mguu na mzunguko, na hewa ikipungua yaliyozidi yanatoka nyuma kama moshi mweusi. Ushauri uleule, magari mawili, majibu mawili. Tangu hapo nimekuwa mgumu kuamini ushauri wowote wa mafuta ambao hausemi ni wa injini gani.

Tuliyarudisha yote matatu. Rejeta ilioshwa kwanza, hilo fundi alilisimamia kidete na alikuwa sahihi, maana kuweka thamostati kwenye rejeta iliyoziba ni kulitafutia gari kifo. Thamostati yenyewe ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Klachi ya feni iliuma.

## Yale ya haraka

Upepo wa matairi ulikuwa chini, yote manne. Takwimu ya Idara ya Nishati ya Marekani ni kwamba kila paundi moja ya upepo inayopungua kwenye matairi yote inachukua kama asilimia 0.2 ya mafuta. Ni kidogo, lakini tulikuwa tumepungukiwa nyingi, na fundi pancha hakutoza kitu.

Breki ya nyuma kushoto ilikuwa inashika. Namna ya kujua: endesha kwenye tambarare bila kukanyaga breki sana, simama, usogeze mkono karibu na kila ringi. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, umempata mwizi.

Keria ya chuma iliyochomelewa juu ya kabini, nzito na haibebi kitu, tuliitoa. Mlango wa nyuma wa bodi tunaufunga, hata tukiwa tupu. Wengi huufungua wakidhani upepo unapita kirahisi, kumbe ukifungwa hewa inajizungusha ndani ya bodi na upepo wa juu unateleza juu yake.

Kuhusu sumaku za kubana kwenye bomba la mafuta, vidonge, na vile vidude vya kuzungusha hewa vinavyotangazwa kwenye makundi ya simu: Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa mia moja vya aina hiyo na halijakuta kinachopunguza ulaji kwa kiasi cha maana. Nililetewa sumaku nyumbani, na muuzaji alikuwa kijana mwenye heshima na watoto wa kulisha. Nilimpa chai. Sikununua.

## Matuta

Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa kwenye mguu wa kulia.

Hesabu ya upepo ni rahisi na haina huruma. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na pikapu ina umbo la kabati. Hilo kijana alilikubali haraka. Lililokuwa gumu ni matuta.

Barabara yetu ina vijiji, na vijiji vina matuta. Desturi ni kulifuata tuta kwa kasi, kukanyaga breki mwishoni, kulivuka, na kukanyaga mafuta tena. Nikakaa na daftari. Gari lenye mzigo, tani mbili na nusu, likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa lina nishati ya mwendo ya kama kilojuli 617. Lita ya dizeli ina megajuli 36, na injini ya namna hii, yenye kachumba ka pembeni ka kuchomea, ukihesabu hadi kwenye magurudumu inafikisha pengine robo yake. Kuirudisha kasi hiyo baada ya kila tuta ni mililita 70 hivi. Kikombe kidogo cha kahawa cha wale wauza kahawa wa jioni, kimejaa dizeli, kinamwagwa kila tuta.

Nilimwonyesha karatasi ile. Hakusema kitu siku hiyo.

Safari iliyofuata niliona anaondoa mguu mbali, kibao cha kijiji kikiwa ndiyo kwanza kinaonekana. Mlio ukakatika. Tukavingirika na gia, kimya, hadi kwenye tuta, na breki hakuigusa sana. Hiyo ndiyo frii aliyokuwa anaitafuta Kitonga, na ilikuwa hapa kwenye tambarare, ndani ya gia, miaka yote. Hakuna aliyemfundisha huko alikotoka, kwa sababu waliomfundisha walikuwa na haraka.

Tulibadilisha na mpango wa malipo. Tunajaza, tunagawanya, na lita zinazopungua chini ya kiwango tulichokubaliana tunagawana fedha yake nusu kwa nusu. Nilihofia kwamba nimeurudisha mpango uleule wa malori kwa jina jingine. Bado nahofia kidogo. Tofauti ninayoiona ni kwamba akitumia zaidi hakatwi kitu, na hesabu tunaifanya wote wawili, mezani, na chai.

## Skrubu

Kwa sasa tunapata kilomita tisa na nusu kwa lita, mara nyingine kumi inakaribia. Karibu lita mbili zimeokolewa kwa kila kilomita 100. Injini hii haitafika zilikofika D-4D, dizeli mpya zaidi za Toyota za miaka ya 2000, ambazo zinapuliza mafuta moja kwa moja kwenye silinda kwa shinikizo kubwa mno, na sioni haja ya kujidanganya.

Kilichobaki ni pampu. Tukipanda Kitonga na mzigo bado tunaacha moshi mweusi, na kadiri tunavyokaribia mjini unazidi. Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500, na hewa ya huku ni nyembamba kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15. Fundi pampu aliangalia na kusema skrubu ya mafuta ya mwisho, ile inayopanga kiasi cha juu cha dizeli, imefunguliwa, mtu aliifungua zamani ili gari lipate nguvu. Akaifunga kidogo. Moshi ukapungua, na palepale tukapoteza kitu: kona mbili tulizokuwa tunazipanda kwa namba tatu sasa tunazipanda kwa namba mbili, na malori yanatukaribia nyuma.

Kijana anataka ifunguliwe tena nusu ya pale ilipokuwa. Anasema gari lenye mzigo linalopanda kwa kusuasua kwenye kona zile nalo ni hatari, na sina hoja ya kumpinga kwa hilo. Fundi anasema tusiiguse skrubu hadi nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zitolewe na kupimwa, kwa sababu nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza inatoa moshi uleule, na huwezi kujua kipi ni kipi. Gari likilala gereji wiki hii, vitunguu tulivyokwishawalipia wakulima vitabaki shambani. Tumekubaliana nozeli zitoke msimu ukipungua. Hadi wakati huo tunapakia magunia machache kuliko zamani, na tunaondoka Ruaha Mbuyuni alfajiri, kabla malori hayajaanza kupanda.